Mnawapa Lawama, Wapeni na Madaraka

Jukwaa limepambwa, vumbi la msafara halijatulia, na mheshimiwa ameshika kipaza sauti. "Mtendaji wa kijiji yuko wapi? Njoo hapa mbele, wananchi wakuone." Anatoka mtu katikati ya umati, kofia mkononi. Mbele ya watoto wake, wakwe zake na watu anaowaongoza kila siku, anaulizwa kwa nini kisima hakijakamilika. Jibu analijua: fedha ya awamu ya pili haijafika, na barua alizoiandikia halmashauri hazijajibiwa. Lakini hathubutu kulitoa, kwa sababu waliopaswa kuileta fedha hiyo wameketi nyuma ya huyo anayemuuliza, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa. Basi anasema, "Naomba radhi, mheshimiwa." Umati unapiga makofi. Kabla jua halijazama ameshasimamishwa kazi, na video yake inazunguka kwenye simu za nchi nzima.

Tumelizoea jambo hili mpaka tukalipa jina la uwajibikaji. Mimi naliita uonevu, tena uonevu unaotugharimu visima, madarasa na dawa.

Katika utumishi wetu wa umma, kuanzia kijijini hadi makao makuu ya halmashauri, fedha na uamuzi vimebaki juu na lawama zimeteremshwa chini. Msimamizi wa kila ngazi anabebeshwa matokeo ya jambo asiloliamua, la fedha asiyoishika, linalofanywa na watumishi asiowachagua. Likiharibika, anaadhibiwa yule aliye karibu na wananchi kuliko wengine, kwa kuwa ndiye anayeonekana.

Chukueni huyo mtendaji. Tanzania ina vijiji zaidi ya 12,000, na kila kimoja kinastahili kuwa na mtendaji wake. Ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji. Ndiye anayetunza masjala ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mfugaji akiingiza ng'ombe kwenye mahindi ya mkulima, yeye ndiye anayeamshwa usiku. Anafuatilia watoto watoro, anahakiki kaya za TASAF, anasimamia nguvu kazi kwenye ujenzi wa zahanati, anapokea kila ugeni unaotoka wilayani, na juu ya hayo anakusanya ushuru kwa mashine ya POS. Wengi wao hawana pikipiki wala bajeti ya karatasi. Benki anakotakiwa kupeleka makusanyo iko mjini, nauli ni ya mfukoni mwake, na mtandao wa mashine unakuja na kupotea. Siku anaponunua wino wa ofisi kwa makusanyo ya siku hiyo, ametumia fedha mbichi, na mkaguzi akija litaandikwa kosa. Ni kosa kweli, wala silitetei. Ila nataka kujua ni nani aliyempa fedha ya wino.

Ilipofutwa kodi ya maendeleo mwaka 2003 wananchi tulishangilia, na tulikuwa na haki, maana ilikuwa kodi ya kukimbizana na mgambo alfajiri. Lakini kijiji kilibaki na kazi zilezile bila chanzo cha kuziendeshea. Halmashauri zilitakiwa kurudisha vijijini asilimia 20 ya mapato yanayokusanywa huko. Waulizeni wenyeviti wa vijiji mara ya mwisho kuiona asilimia hiyo ilikuwa lini. Katika vijiji vingi mtapata kimya, au kicheko cha mtu aliyekata tamaa.

Ngazi inayoniuma kuliko zote ni ya mwalimu mkuu. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na ulikuwa uamuzi mwema kabisa. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi waliingia darasani. Madarasa ya kwanza yalifurika, mengine yakahamia chini ya miembe. Serikali ikaahidi kuipelekea shule ruzuku badala ya michango. Sasa tuitazame hiyo ruzuku. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichotokana na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002. Shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Kwa mwezi ni shilingi 500 kwa mtoto. Shule ya watoto 600 inapata shilingi 300,000 kwa mwezi, na kwa fedha hiyo mwalimu mkuu anatakiwa anunue chaki, alipe maji, achapishe mitihani, akarabati madawati, azibue choo na amalize mwezi bila deni. Mwaka 2002 shilingi 10,000 ilikuwa fedha ya maana. Tangu wakati huo bei ya kila kitu shuleni imepanda, kiwango kikaachwa pale pale, na pengo likaachiwa mtu mmoja aliyesomea kufundisha.

Mtu huyu akiitisha mkutano wa wazazi wakubaliane kuchanga mahindi ya uji, mzazi mmoja asiyetaka anampigia simu mwanasiasa: "Mwalimu mkuu anachangisha." Kesho yake anavuliwa madaraka. Akiogopa kuitisha mkutano, watoto wanasinzia darasani kwa njaa, matokeo ya darasa la saba yanashuka, na anavuliwa madaraka vilevile kwa kushindwa kusimamia taaluma. Nionyesheni njia ya tatu. Waraka unaruhusu michango ya hiari iliyofuata utaratibu, najua. Lakini mwalimu mkuu ameshaona wenzake wakiaibishwa hata walipofuata utaratibu, na hakuna aliyerudi kuwaomba radhi. Kwa hiyo anachagua kukaa kimya, na wanaoulipia ukimya huo ni watoto.

Kisha tukamfanya mkandarasi. Oktoba 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3, mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake yalikuwamo madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Yalitakiwa yakamilike kabla ya watoto kuripoti Januari. Madarasa yalijengwa, watoto wakakaa, na ninawapongeza waliofanikisha. Lakini fikirieni mwalimu mkuu au mkuu wa shule aliyepo Mafia, ambako mfuko wa saruji unavuka bahari kutoka Nyamisati, au aliyepo kisiwani Ukara, ndani ya Ziwa Victoria. Alipewa milioni 20 zilezile alizopewa mwenzake aliye kando ya barabara ya lami, katika wiki ambazo nchi nzima ilikuwa ikinunua saruji, nondo na bati kwa mpigo. Aliamua nini hapo? Bei hakuipanga, wala tarehe, wala ramani. Yeye aliweka saini tu, na saini hiyo ndiyo inayotafutwa nyufa zinapotokea ukutani.

Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa NeST, na shule nazo zimeingizwa humo. Mfumo una faida zake, umepunguza ujanja wa vificho, na mimi ni miongoni mwa waliotaka uwazi huo. Ila fundi mzuri wa kijijini, aliyejenga nusu ya nyumba za pale, mara nyingi hajajisajili wala hana kompyuta. Mwalimu mkuu anaacha vipindi vyake, anapanda gari kwenda mjini kutafuta mtandao na mtu wa kumsaidia kujaza zabuni ya kitasa na bawaba. Wakati huohuo simu inalia: kwenye kundi la WhatsApp la wilaya inatakiwa taarifa ya watoro, iwe imefika kabla ya saa nane mchana. Hana mhasibu, hana karani, na ana vipindi vya hisabati darasa la sita. Halafu mwalimu wake wa sayansi anahamishwa kwa maelekezo kutoka juu, bila yeye kuulizwa, na mwalimu mlevi anabaki, kwa sababu nidhamu na upandishaji vyeo vya walimu viko mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu na vikao vilivyo mbali naye. Tunamwita msimamizi mtu ambaye hawezi kuajiri, kuhamisha, kuzawadia wala kuadhibu.

Mganga mfawidhi wa zahanati yuko katika hali hiyohiyo, ila kwake kinachopotea ni uhai. Sera inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee asiyejiweza atibiwe bure, nami sitaki iguswe. Lakini dawa zinapochelewa kutoka Bohari ya Dawa, anayesimama mbele ya mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa ni yule tabibu. Ndiye anayeambiwa ameiba dawa, na amri ya kumweka ndani hutolewa papo hapo, mbele ya foleni ya wagonjwa. Akichukuliwa yeye, katika zahanati nyingi anabaki muuguzi mmoja.

Tupande ngazi moja. Ofisi za wakuu wa idara katika halmashauri zetu zimejaa makaimu. Kaimu wa elimu, kaimu wa mipango, kaimu wa ardhi. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaweka ukomo wa kukaimu kuwa miezi sita, na Mkaguzi Mkuu anaandika katika ripoti zake kuwa watu wanakaimu kwa miaka. Hili wengi wanaliona dogo, suala la vyeo na posho tu. Kwangu ni moja ya sababu kubwa za nchi hii kwenda kwa kusitasita. Kaimu anajua anaweza kuondolewa kwa simu, bila barua. Hawezi kumkemea mwenzake ambaye kesho huenda akathibitishwa kuwa bosi wake. Hawezi kumwambia mkurugenzi kuwa bajeti ya pembejeo imekatwa na hivyo malengo hayafikiki. Kinachomlinda ni kutoamua. Kwa hiyo jalada linalomhitaji aandike "nimeidhinisha" linapandishwa juu likiwa na maneno "kwa maelekezo yako", linakaa, linarudi likiwa na swali, linapanda tena. Mwananchi anayedai hati ya kiwanja anaambiwa arudi wiki ijayo, mwaka unakwisha. Huko wilayani uzembe upo, na mvivu nitamwita mvivu. Lakini sehemu kubwa ya tunachokiita uzembe ni woga wa mtu aliyekalishwa kwenye kiti kisicho chake.

Tukaja na dawa ya upimaji. OPRAS ilianza mwaka 2004, ikawa fomu za kujaza mwezi Juni ili mtu asikose kupanda daraja, na mwaka 2023 tukahamia PEPMIS kwenye kompyuta. Kupima utendaji ni jambo zuri. Lakini unampimaje mhandisi kwa kilomita za barabara ambazo fedha zake zilikatwa katikati ya mwaka? Kipimo cha haki kingeanza kwa swali la je, huyu alipewa alichoahidiwa? Swali hilo mara nyingi haliulizwi.

Juu kabisa kwenye ngazi hii kuna mkurugenzi wa halmashauri, na wako 184. Wananchi wengi wanamwona bwana mkubwa mwenye gari jeupe. Ni kweli wapo wanaojifanya miungu watu. Lakini hesabuni mabwana zake. Ameteuliwa na Rais na anaweza kuondolewa usiku huu. Anawajibika kwa Baraza la Madiwani, ambao wanataka barabara za kata zao. Yuko chini ya jicho la Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa na Katibu Tawala wa Mkoa. TAMISEMI inamwagiza, wizara za kisekta zinamwagiza, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa inamwita Dodoma kujieleza. Anaitwa Afisa Masuuli, maana yake shilingi ikipotea ni yeye. Kisha mwaka 2016 sheria ikahamishia kodi ya majengo Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU. Akaambiwa aongeze mapato ya ndani. Ayaongeze kutoka wapi? Anabaki na mama ntilie, muuza mkaa, gunia la ufuta na mnada wa ng'ombe. Katika hicho kidogo, sheria inamtaka atoe asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne, nne na mbili, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, na sehemu nyingine kubwa inatakiwa iende kwenye miradi ya maendeleo. Kinachosalia ndicho kingemnunulia mtendaji wetu wino.

Ndivyo lawama zinavyozunguka. Mkurugenzi aliyefokewa asubuhi mkoani anafoka jioni kwa wakuu wa idara. Mkuu wa idara anamfokea afisa elimu kata, huyu anamfokea mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu, nasikitika kulisema, anachukua fimbo. Kila mmoja ameonewa na kila mmoja anaonea. Kwa hiyo siwaombei huruma hao wa juu kama watu wasio na hatia. Mkurugenzi anayeijua adha ya kuaibishwa hadharani, halafu akamwaibisha mtendaji wake hadharani, amefanya hivyo kwa hiari yake na anastahili kuambiwa.

Nchi hii ilishawahi kulifikiria jambo hili kwa kina. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza kiongozi kuwa na kiburi, kudharau watu na kuwaonea. Wafanyakazi wa viwandani waliusoma, wakauamini, na katika miaka iliyofuata walifikia hatua ya kuwafungia mameneja nje ya malango ya viwanda. Wakati huo iliaminika kuwa kumdhalilisha mtu aliye chini yako ni kosa la kiongozi. Leo kumdhalilisha kumekuwa sifa yake, kunarekodiwa na kusambazwa na watu wa ofisi yake mwenyewe. Mwaka mmoja baada ya Mwongozo, kwa mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972, halmashauri zilifutwa na shughuli zake zikashikwa na maofisa waliotumwa na serikali kuu. Huduma ziliporomoka mijini na vijijini, mpaka halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978 na sheria za 1982 zikarudisha nyingine. Somo hilo tulilipia kwa miaka kumi. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Tunayaondoa tena, safari hii bila kuzifuta halmashauri: ofisi na vibao vya majina vimeachwa, mamlaka yamehamishwa.

Nitajibiwa kuwa nawatetea wezi. Wezi wapo. Kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu inataja makusanyo yaliyoishia mifukoni, malipo hewa, vifaa vilivyolipiwa visipokelewe. Nataka watu hao wafikishwe mahakamani, warudishe fedha, wafungwe. Na ndiyo maana nachukizwa na hukumu za majukwaani. Mwizi halisi anazifurahia. Kanuni za utumishi wa umma zinataka mtuhumiwa apewe hati ya mashtaka, apewe nafasi ya kujitetea, na uchunguzi ufanyike. Mheshimiwa akishamfukuza mtu kwa kipaza sauti, utaratibu umevunjwa. Mtu huyo anakata rufaa, anashinda kwa sababu hakusikilizwa, anarudishwa kazini na kulipwa mishahara ya miezi yote aliyokaa nyumbani. Aliyeiba ametoka msafi kwa uzembe wetu, na asiyeiba ameshachafuliwa kijijini kwake, maana hakuna msafara unaorudi kumsafisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ninachodai kinafahamika. Ruzuku ya mwanafunzi ipandishwe iendane na bei za leo, na ifike shuleni kwa tarehe inayojulikana. Vijiji virudishiwe asilimia zao kwa mfumo uleule wa kielektroniki unaozikusanya. Kama mashine inaweza kupeleka fedha juu papo hapo, inaweza pia kuishusha. Kodi ya majengo irudi kwa halmashauri. Kila kaimu aliyevuka miezi sita athibitishwe au ampishe mwingine. Shule kadhaa za kata moja zipewe mhasibu mmoja, mwalimu mkuu arudi darasani. Na kiongozi yeyote kabla hajamuuliza mtendaji kwa nini kazi haikufanyika, asome kwanza mbele ya wananchi haohao fedha kiasi gani ililetwa, na lini.

Lipo moja lisilohitaji hata shilingi. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, vifungu vya 7 na 15, inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani kwa saa 48. Iliwekwa kwa ajili ya kulinda amani, na yenyewe inataka sababu ziandikwe. Imetumika kumfungia mganga aliyechelewa kufika kwenye ziara, mwalimu aliyejibu swali kwa sauti isiyopendwa, afisa ardhi aliyechelewa kikaoni. Kuchelewa kikao hakuvunji amani ya mtu yeyote. Msimamizi anayejua kuwa anaweza kulala rumande kwa kusema ukweli hatausema, na nchi itaendelea kuongozwa kwa taarifa zinazopakwa rangi katika kila ngazi zinapopanda. Polisi wapo, mahakama zipo, na hakuna kosa hata moja ambalo zingeshindwa kulishughulikia bila amri hiyo. Bunge livifute vifungu hivyo viwili. Muswada wake hauzidi ukurasa mmoja, na kikao kijacho cha Dodoma kinatosha kuupitisha.